Neno "Dermatomiositi" na Taabu ya Kulieleza kwa Kiswahili

Yako maneno ya tiba ambayo mtu aweza kuishi miaka mingi bila kuyasikia, kisha siku moja yakaingia nyumbani mwake yakiwa yameandikwa kwa kalamu ya daktari, na tangu siku ile hayatoki tena. "Dermatomyosite" ni mojawapo. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo daktari husoma kwa Kifaransa na huandika kwa Kifaransa. Mgonjwa wake wa Lubumbashi, Kalemie au Bukavu huuliza kwa Kiswahili. Kati ya hao wawili husimama mtu wa tatu: muuguzi, mtoto aliyesoma, jirani aliye mwanafunzi wa chuo kikuu. Huyo ndiye anayeambiwa, "Utuelezee basi, wanasema mama ana nini?" Makala haya yanachunguza kazi ya mtu huyo wa tatu. Yanalishika neno moja, jina la ugonjwa adimu wa misuli na ngozi, na kulifuata tangu lilipoundwa hadi linapobisha hodi katika Kiswahili.

Huenda msomaji akauliza sababu ya kuchagua ugonjwa adimu wakati maradhi ya kila siku hayajesha. Sababu ni kwamba maradhi ya kila siku yamekwisha kupata majina. Surua, ukoma, kifua kikuu na pumu hazihitaji mkalimani. Ugonjwa adimu haujapewa jina na wazee, wala watu hawaujadili barazani. Atakayeueleza hana budi kuunda usemi papo hapo, na kosa lake halina wa kulisahihisha. Nalo kosa hilo lina gharama. Mgonjwa aliyeelezwa vibaya huacha dawa ambayo haiachwi ghafla, au hutengewa sahani na kikombe chake kwa ugonjwa usioambukiza hata kidogo.

Sehemu tatu za neno

Sehemu ya kwanza, dermato-, imetoka katika neno la Kigiriki derma, yaani ngozi. Neno hilo lina ukoo na kitenzi cha kuchuna mnyama. Kwa hiyo lilihusu ngozi ya mtu na pia ile iliyovuliwa mnyama, kama Kiswahili nacho kinavyotumia neno moja kwa ngozi ya shavu la mtoto na kwa ngozi iliyowambwa juu ya ngoma. Hapa mkalimani hapati taabu.

Sehemu ya pili, -mio-, ni mys. Wagiriki walilitumia neno hili kwa vitu viwili: msuli na panya. Warumi nao waliuita msuli musculus, yaani panya mdogo, na hapo ndipo Kifaransa kilipopata "muscle". Inaelekea waliotazama mkono unaokunjwa na kukunjuliwa waliona kitu kinapita chini ya ngozi kama panya apitaye chini ya mkeka. Kiswahili sanifu husema msuli. Lakini neno hilo ni la vitabu kuliko la vinywa. Mwambao wa bahari hulitumia pia kwa nguo ambayo wanaume hujifunga kiunoni. Wengi huishia kusema mshipa, nalo mshipa limebebeshwa mzigo mkubwa: njia ya damu, neva, kano na msuli, vyote humo humo. Aambiwaye kwamba ana "ugonjwa wa mishipa" atafikiri mara moja juu ya damu au shinikizo lake. Mkalimani mwerevu huacha neno na kugusa mwili: nyama hii ya bega, nyama hii ya paja, hii inayoinua mkono. Hakuna kamusi iliyo wazi kuliko hiyo.

Sehemu ya tatu, -iti, ndiyo yenye kisa. Kila mwanafunzi wa tiba hukariri kwamba -itis maana yake ni uvimbe wenye joto, wekundu na maumivu, yaani ile hali ambayo Kifaransa huiita kwa jina lililotokana na neno la Kilatini la kuwasha moto. Lakini asili yake haikuwa hiyo. Katika Kigiriki -itis kilikuwa kiambishi cha kivumishi, kwa maana ya "-a, ya kuhusu", nacho kilikuwa katika umbo la kike kwa sababu kilipatana na nosos, neno la jinsi ya kike lenye maana ya ugonjwa. Hivyo arthritis nosos ilikuwa "ugonjwa wa viungo", basi. Baadaye nosos ikaangushwa, kivumishi kikabaki peke yake na kugeuka nomino, na kuanzia karne ya 18 waganga wa Ulaya wakakipa kazi mahususi ya kutaja mwako wa ndani. Mtaalamu wa Kiswahili hawezi kulisoma jambo hili bila kutabasamu. Upatanisho ule ndio wa Kiswahili: "ugonjwa wa", ambapo wa hufuata ugonjwa kama -itis ilivyofuata nosos. Kwa hiyo anayesema "ugonjwa wa ngozi na misuli" hajapunguza sayansi ya neno kama anavyodhaniwa. Amelirudisha katika sarufi yake ya kwanza.

Ugonjwa wenyewe

Kinga ya mwili ina kazi ya kutambua kilicho chake na kilicho kigeni. Katika dermatomiositi utambuzi huo hukosewa. Mishipa midogo ya damu inayolisha misuli na ngozi hushambuliwa. Nyuzi za misuli zilizo pembezoni mwa mafungu yake hukonda na kufa. Ngozi nayo huota mabaka na vinundu. Protini za jamii ya interferoni, ambazo mwili huzitoa kwa kawaida ili kupigana na virusi, hukutwa zikifanya kazi kupita kiasi hata pale ambapo hakuna kirusi kinachoonekana. Mwili umo vitani, na adui hayupo. Urithi wa mtu una sehemu yake katika jambo hili, jua kali lina sehemu yake, na kwa baadhi ya watu wazima saratani iliyojificha ndiyo inayoamsha vurugu.

Dalili ya misuli ina mpangilio wake. Udhaifu hushika sehemu zilizo karibu na kiwiliwili, mapaja, nyonga, mabega na shingo, tena pande zote mbili kwa pamoja. Mikono ya mbele huachwa hadi baadaye. Mwanamke aweza kutunga uzi katika tundu la sindano lakini asiweze kuinua mkono kuanika nguo. Koo likishikwa, chakula hupalia. Mapafu yakishikwa, pumzi hupungua, na hapo ndipo maisha yanapokuwa hatarini.

Kwa upande wa ngozi, ziko dalili mbili ambazo wataalamu huzitegemea kuliko nyingine: rangi ya zambarau inayotanda juu ya kope za macho, mara nyingi pamoja na uvimbe, na vinundu bapa juu ya vifundo vya vidole, viitwavyo vinundu vya Gottron kwa jina la daktari wa Kijerumani Heinrich Gottron. Ugonjwa wa lupasi, ambao nao ni wa kinga, hupenda nafasi zilizo kati ya vifundo. Dermatomiositi hukaa juu ya vifundo vyenyewe. Tofauti ndogo, lakini imeokoa wengi katika kupotea njia.

Ni ugonjwa adimu kwelikweli. Makadirio mengi hukaa karibu na wagonjwa wapya 10 au pungufu kwa kila watu milioni moja kwa mwaka. Wanawake huupata karibu mara mbili ya wanaume. Watoto huupata pia, na kwao chembe za chokaa huweza kujikusanya chini ya ngozi zikawa ngumu kama changarawe. Miongoni mwa watu mashuhuri, mwigizaji wa Uingereza Laurence Olivier aliupata mwaka 1974, naye aliishi hadi 1989.

Jina linalosema nusu

Ernst Wagner, daktari wa Leipzig, alieleza mgonjwa wa namna hii mwaka 1863. Heinrich Unverricht ndiye aliyeunganisha ngozi na msuli katika jina moja mwaka 1891. Jina lilitaja kilichoonekana kwa macho na kuhisiwa kwa vidole, na kwa wakati ule lilikuwa la uaminifu. Mwaka 1975 Bohan na Peter wa Marekani walitoa vigezo vitano vya kuutambua ugonjwa; vinne vilihusu misuli, yaani udhaifu, kipande cha msuli kilichotazamwa kwa hadubini, vimeng'enya vya damu na kipimo cha umeme wa misuli, na kimoja tu kilihusu ngozi.

Kumbe wapo wagonjwa wenye ngozi ile ile, vinundu vile vile, kope zile zile, ambao misuli yao haina kasoro. Wataalamu wakalazimika kuunda jina la "dermatomiositi isiyo na miositi", na baadaye likaja hata la kinyume chake, "isiyo na dermatiti", kwa wale wenye dalili za msuli bila mabaka. Msomi wa lugha ataona hapa neno linalokanushwa na kivumishi chake lenyewe, mfano wa kusema jiko lisilo na moto. Si mchezo wa maneno tu. Ipo aina ambayo damu ya mgonjwa hubeba antibodi iitwayo anti-MDA5: misuli huweza kubaki na nguvu zake, lakini mapafu hushambuliwa kwa kasi, pengine katika muda wa wiki chache. Daktari aliyefungwa na jina atapima misuli, ataikuta mizima, atamrudisha mgonjwa nyumbani. Vigezo vipya vilivyotolewa mwaka 2017 na vyama vya wataalamu wa Ulaya na Marekani viliipa ngozi uzito mkubwa zaidi, nayo ilikuwa haki yake.

Jina halisemi lolote kuhusu mapafu. Halisemi lolote kuhusu saratani, ingawa kati ya watu wazima wenye ugonjwa huu tafiti nyingi huikuta kwa asilimia 15 hadi 30, hasa katika mwaka ule wa kwanza na miwili inayofuata. Kwa hiyo anayefasiri sehemu za neno moja moja, ngozi, msuli, uvimbe, amefasiri neno na hajaeleza ugonjwa. Itafaa pia kukumbuka kwamba katika msamiati huu daktari hupewa jina zima, kama Gottron, na mgonjwa hupewa herufi: antibodi za Jo-1 na Mi-2 zimeitwa hivyo kwa herufi za kwanza za majina ya wagonjwa ambao damu yao ilitumika kuzigundua.

Homa, uvimbe au mchochota

Kiswahili kina desturi ya zamani ya kufasiri -itis kwa neno homa. Homa ya ini, homa ya mapafu, homa ya uti wa mgongo: watu wameyazoea, na vitabu vimeyakubali. Mtu aliyefuata desturi hiyo atasema "homa ya misuli na ngozi", na msikilizaji hatashtuka. Tatizo ni kwamba hatashtuka hata kidogo. Katika nchi ya malaria, homa ni kitu kinachojulikana: huja, hutibiwa kwa siku chache, hupita. Mwenye "homa ya misuli" atanunua vidonge vya malaria na kungoja siku tatu. Isitoshe, wagonjwa wengi wa dermatomiositi hawana joto la mwili kabisa.

Uvimbe nalo lina kasoro yake. Neno hili huelekeza jicho kwenye kitu kilichotuna: jipu, tezi, donge. Msuli wa dermatomiositi hautuni. Mara nyingi hukonda. Tena uvimbe ndilo neno ambalo watu wengi hulitumia kwa saratani kwa staha, na katika ugonjwa ambao saratani ni jambo la kuchunguzwa kweli, kulitumia ovyo ni kumtisha mtu kabla ya wakati au, kinyume chake, kuchanganya habari mbili zinazopasa kutolewa kila moja kwa siku yake.

Vitabu vya tiba vya Afrika Mashariki vina neno mchochota. Ni neno zuri. Lina hisia ya kuchoma na kuwasha ndani yake, na halijashikwa na maana nyingine. Lakini ukilitaja katika wodi ya Lubumbashi utatazamwa kama mgeni aliyeshuka leo kutoka pwani. Kwa mhadhara wa chuo kikuu linafaa, na yafaa lifundishwe. Kwa mgonjwa, maelezo marefu yana faida kuliko neno fupi asilolijua: misuli yaungua ndani bila moto, bila kuvimba, na mara nyingi bila maumivu makali.

Kinga yenye sura mbili

Taabu kubwa kuliko zote iko katika neno kinga. Ugonjwa huu ni wa kinga iliyojigeukia, na hakuna njia ya kuueleza bila kuitaja. Lakini neno kinga, katika maana hii ya mwili, limeingia masikioni mwa watu wengi pamoja na UKIMWI, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini; na hata pale Kongo ambapo watu husema SIDA kwa Kifaransa, maelezo ya Kiswahili yaliyotolewa makanisani, redioni na mashuleni yalikuwa yale yale ya kinga iliyopungua. Mama aliyeambiwa mbele ya shemeji zake kwamba ana "ugonjwa wa kinga" amekwisha kuhukumiwa. Hata akieleza baadaye, maelezo yake yatasikika kama kujitetea.

Ni lazima basi mkalimani aanze na kanusho, kisha ndipo aeleze. Si upungufu, ni upotofu. Kinga haikwisha, imekosea njia. Ni mlinzi aliyeajiriwa kulinda boma, ambaye usiku mmoja haitambui tena sauti ya wenye nyumba na kuwapiga wao kwa rungu alilopewa kwa ajili ya wezi. Mfano huu una ubora wa kueleza pia dawa: haifai kumfukuza mlinzi, kwa sababu wezi wapo, yabidi kumpokonya rungu kwa muda na kumtuliza. Ndiyo maana mgonjwa hupewa prednisoloni, na pamoja nayo dawa kama metotreksati au azathioprini, ambazo hupunguza nguvu ya kinga kwa makusudi. Pasipo mfano huo, sentensi "tunakupa dawa ya kupunguza kinga" yasikika kama wazimu kwa mtu ambaye kwa miaka 30 na zaidi ameambiwa kwamba kupungua kwa kinga ndiko kufa.

Kiswahili chenyewe kimehifadhi bahati ya ajabu katika neno hili. Kinga ni kile kizuiacho, kutoka kitenzi cha kukinga. Lakini kinga ni pia kipande cha ukuni kinachowaka, kama katika methali isemayo kwamba kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Ni maneno mawili yaliyokutana katika umbo moja, wala hakuna anayepaswa kudai kwamba asili yao ni moja. Hata hivyo mwalimu anayetaka wanafunzi wake wakumbuke maana ya ugonjwa wa kinga kujishambulia hatapata chombo bora: kinga ya kuzuia imegeuka kinga ya moto, nayo yaichoma nyumba iliyokuwa ikiilinda.

Kuhusu prednisoloni kuna neno moja la kuongeza, kwa kuwa hapa lugha hugusa uhai. Dawa hii haiachwi ghafla baada ya kutumiwa kwa wiki nyingi. Tezi za juu ya figo huwa zimezoea kupumzika, na mwili ukinyimwa dawa siku moja huweza kuanguka. Sentensi ya Kifaransa kwenye karatasi husema dozi ishushwe kwa hatua. Sentensi ya Kiswahili inayofika nyumbani mara nyingi husema tu "utakunywa hadi iishe". Zaidi ya hayo, dawa za jamii hiyo hiyo huuzwa sokoni kwa watu wanaotaka kunenepa, na mgonjwa huyaona mashavu yake yakijaa akadhani amepona. Kabla ya kuanza, daktari makini hutafuta kwanza kifua kikuu na minyoo ya strongiloide, ambayo huweza kuenea mwilini kote pale kinga inapolazwa. Mgonjwa asiyeelezwa sababu ya kupimwa choo kwa ajili ya ugonjwa wa misuli atakiona kipimo hicho kuwa njia ya kumlipisha.

Maswali ya daktari

Vitabu humfundisha daktari kuuliza: je, waweza kupanda ngazi? Swali hilo limezaliwa katika miji ya nyumba za ghorofa. Katika mitaa ya Kenya au Katuba mjini Lubumbashi, ambako nyumba nyingi zimekaa chini, mgonjwa atajibu kwamba hana shida na ngazi, na atakuwa amesema kweli, maana hazipandi. Swali lenye faida ni kama aweza kuinuka kwenye kigoda bila kushika kitu, kama aweza kujitwika ndoo ya maji, kama bukari inamshinda kuisonga, kama aweza kusuka nywele za binti yake bila kushusha mikono mara kwa mara. Haya ndiyo maneno ambayo mtaalamu wa lugha aweza kumpa mtaalamu wa tiba, na ni zawadi isiyo ndogo.

Tena kuna suala la kuchoka. Kiswahili cha kila siku husema "nimechoka" kwa uchovu wa kazi, kwa huzuni, kwa njaa na kwa misuli iliyokwisha. Daktari anataka kutofautisha uchovu na udhaifu: aliyechoka akipumzika huinuka, aliyedhoofu hapumziki akapata. Neno nguvu laweza kusaidia, lakini kwa wanaume lina mtego wake, kwani "kukosa nguvu" huelekea upande mwingine na mzee atanyamaza kwa aibu. Kuuliza juu ya tendo lenyewe, kuinua, kuinuka, kumeza, kwaondoa mtego huo.

Rangi nazo zahitaji uangalifu. Alama ya kope huitwa kwa jina la ua la heliotropu, ambalo wasomaji wengi wa Kongo hawajaliona. "Rangi ya zambarau" ni tafsiri yenye heshima. Lakini picha za vitabu vingi zilipigwa kwa wagonjwa wenye ngozi nyeupe. Juu ya ngozi nyeusi wekundu hauonekani kama wekundu. Huwa weusi uliozidi, au kijivu, au zambarau iliyofifia, na mwenyewe husema tu kwamba "uso umeungua" au "macho yameiva". Mwanafunzi wa tiba anayengoja wekundu atangoja sana. Iko pia alama iitwayo mikono ya fundi, yaani vidole vilivyopasuka na kukauka pembeni kama vya mtu wa gereji. Kwa mwenye kuuza makala sokoni, au mchimbaji wa mkono huko Kolwezi, nani ataiona mikono hiyo kuwa dalili? Hapa jina la ugonjwa halina msaada. Swali pekee la kumwokoa mgonjwa ni: mikono hii imekuwa hivi tangu lini?

Sura ya neno katika maandishi

Yabaki kuamua jinsi ya kuandika. Kiswahili cha Kongo hukopa kutoka Kifaransa kwa sikio, na sikio lingesema dermatomiozite. Kiswahili cha Tanzania na Kenya hukopa kupitia Kiingereza, na sikio la huko lingeleta umbo refu lenye -maiositisi. Ugonjwa mmoja ungepata majina mawili ambayo mgonjwa aliyevuka mpaka kutoka Kasumbalesa hadi Dar es Salaam asingeyatambua kuwa ndugu. Umbo dermatomiositi, linalofuata maandishi na wala si matamshi, laelekea kuwa la busara: s inabaki s, y ya Kigiriki inakuwa i, na mwisho hufungwa kwa irabu kama sarufi inavyotaka. Laingia katika ngeli ya i-zi, lakini likitanguliwa na ugonjwa hufuata upatanisho wa neno hilo: ugonjwa wa dermatomiositi unaotibika, dermatomiositi inayotibika.

Jina hilo liandikwe jinsi lilivyo kwenye kadi ya mgonjwa, ili daktari wa mji mwingine alitambue. Chini yake, kwa mwandiko unaosomeka, iandikwe sentensi ya Kiswahili, na hii yaweza kuwa mojawapo: "Mama huyu ana ugonjwa wa misuli na ngozi unaoletwa na kinga ya mwili iliyojigeukia. Hauambukizi. Si UKIMWI. Dawa zake zisikatizwe bila daktari. Akianza kupaliwa na chakula au kukosa pumzi, aletwe siku hiyo hiyo."